Taarifa ya Siku Saba Kabla ya Pancha

Kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, hakuna tairi la baiskeli litakaloruhusiwa kupata pancha bila taarifa ya siku saba. Ndivyo Wizara ya Mwendo ilivyotangaza redioni na kwa vipaza sauti, na wananchi wakashukuru, maana kwa miaka mingi pancha zilikuwa zikitokea ovyo ovyo tu, mtu hajui lini wala wapi.

Aliyeziandika kanuni hizo kwa mkono wake alikuwa Kaimu Mkurugenzi wa Idara ya Matairi Madogo. Jina lake halina haja. Hata mke wake alishaacha kulitumia. Mtu akikaimu miaka kumi na mmoja, cheo kinamganda mwilini. Ofisini alikuwa Kaimu, mtaani Kaimu, na nyumbani mkewe akishamimina chai alisema, "Kaimu, itapoa hiyo."

Lakini mwenye msimamo hasa alikuwa mama mkwe. Mama huyu alikuja kuwasalimia kwa wiki moja, miaka minne iliyopita, na mpaka leo alikuwa hajamaliza kusalimia. "Mimi binti yangu nilimwoza kwa mkurugenzi," alisema kila jioni, akiongea na ukuta. "Mpaka barua ya kumthibitisha ije, huyu kwangu ni kaimu mkwe." Na Kaimu alipotoka kazini akabisha hodi kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe, mama mkwe alimwitikia kutoka sebuleni, "Subiri hapo kwanza." Kaimu alisubiri. Alikuwa na uzoefu.

Sasa, kanuni zilianzaje? Zilianza kwenye foleni. Mheshimiwa Waziri alikuwa amekaa ndani ya gari lake, amekwama saa nzima, mara akapitwa na baiskeli ambayo tairi lake la mbele lilikuwa limeshindiliwa majani badala ya upepo. Majani yalichungulia pembeni. Mwenye baiskeli alipiga kengele, akamwamkia Mheshimiwa vizuri tu, akaenda zake. Mheshimiwa hakulala siku mbili. "Taifa linalokwenda kwa majani," aliuliza kwenye kikao, "linakwenda wapi?" Hakuna aliyejua. Kwa hiyo zikatungwa Kanuni za Kudhibiti Matengenezo ya Kubahatisha Kando ya Barabara, vifungu kumi na viwili.

Kaimu aliipenda kazi yake. Kifungu cha tatu kilianzisha Fomu B/7, Taarifa ya Kusudio la Kupata Pancha, nakala tatu, pamoja na picha mbili ndogo za tairi husika likiwa limetazama mbele. Kifungu cha tisa ndicho alichojivunia kuliko vyote. Mafundi wa kando ya barabara, alijua, ni watu wa kukana. Ukiwauliza nani ametia kiraka hiki, wote wanatazama juu. Basi akaandika kwamba kiraka kikikutwa na jina la mtu, chapa au saini, mwenye jina hilo ndiye atakayehesabiwa kuwa amekitia, na hatakuwa na la kujitetea. Kifungu cha kumi na moja kilisema mkosaji atarudi nyumbani kwa miguu, wala hatapanda chombo chochote chenye tairi hadi kesho yake, ili apate muda wa kutafakari. Mheshimiwa alisoma yote, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaongeza kwa kalamu yake maneno matatu: "bila kujali cheo." Alisema yatapendeza magazetini.

"Ukinizindulia jambo hili salama," alimwambia Kaimu, "barua yako nitakukabidhi mwenyewe, mbele ya kamera."

Kaimu alitoka ofisini humo miguu haigusi sakafu.

Jumatatu hiyo, saa mbili na dakika tano, akiwa na wakaguzi wawili wenye vizibao vya kijani, alikwenda kwenye kona ya ukuta wa kiwanda cha magodoro. Hapo alikaa Mama Pampu, fundi baiskeli. Alikuwa na stuli, beseni la bluu la kutafutia matundu, pampu ya kukanyaga iliyompa jina, na gunia la vipande vya kila namna. Tairi likichanika, Mama Pampu hakukuuliza kama una jingine. Alitazama una nini. Una kandambili kuukuu? Anakata soli, anaitia kwa ndani, mpasuko unazibika. Tyubu imetoboka na gundi imekwisha? Anaifunga fundo pale penye tundu, anajaza upepo, unakwenda ukirukaruka kidogo lakini unakwenda. Huna kitu kabisa? Anang'oa majani kando ya mtaro, anashindilia, anakwambia, "Nenda polepole, na usimwambie mtu."

Ndiyo, yule wa kwenye foleni alitokea hapo.

"Shikamoo, mama," alisema Kaimu, kwa kuwa kanuni hazikukataza adabu.

"Marahaba, Kaimu. Baiskeli imekufanya nini tena?"

"Leo sikuja kama mteja, mama. Nimekuja kama Idara."

"Karibu, Idara. Idara ina pancha?"

Mmoja wa wakaguzi, Mkaguzi Mrefu, aliandika swali hilo kwenye daftari. Kaimu alikohoa, akafungua karatasi. "Kuanzia leo matengenezo ya kubahatisha ni marufuku. Mwenye pancha anatakiwa awe ametoa taarifa siku saba kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya pancha."

"Atajuaje?"

"Ndiyo maana kuna fomu, mama."

Mama Pampu alimtazama kwa huruma, kama anavyotazama rimu iliyopinda. "Haya. Na ile soli ya kandambili niliyokutilia tairi la nyuma, mwaka wa sita huu, niitoe?"

Wakaguzi wote wawili waliigeukia baiskeli ya Kaimu iliyoegemezwa ukutani.

"Ile," alisema Kaimu, "ni mradi wa majaribio."

Mkaguzi Mrefu akaandika: mradi wa majaribio. Kisha wakaorodhesha vitu vya kuzuiliwa. Beseni moja, bluu, lenye maji. Pampu moja, nzima. Gunia moja, mchanganyiko. Walipomaliza, Mkaguzi Mrefu alitaka kumwaga maji, Kaimu akamzuia haraka. Maji yalikuwa yameshaandikwa. Kielelezo kikipungua, kesi imekufa. Basi mkaguzi akajitwika beseni lililojaa, akaanza kutembea kilomita mbili kuelekea stoo ya wizara, polepole, shingo imenyooka, watu wakimpisha njia kwa heshima.

"Kaimu," Mama Pampu aliita. Sasa hakuwa anatania. "Mimi mkate wangu unatoka kwenye beseni hilo. Kesho nikija hapa, nifanye nini?"

Kaimu aliona haya. Haya ya kweli, ya kupasha masikio moto, maana kwa miaka sita mwanamke huyu hakuwahi kumwacha njiani hata siku moja. Lakini aliifikiria barua, akamfikiria na mama mkwe sebuleni. "Suala lako linashughulikiwa, mama," alisema, na alipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwake, akajua kwamba ameliua suala lenyewe.

Kesho yake Mama Pampu alikuja. Alikaa kwenye stuli, mikono mapajani, hana hata msumari mbele yake. Watu wakapita wakiburuta baiskeli zao kwa miguu, wakisubiri siku zao saba zitimie. Keshokutwa yake pia alikuja.

Uzinduzi ukawa Jumamosi. Mpango ulikuwa rahisi. Mheshimiwa angepanda baiskeli rasmi yenye Tairi la Kitaifa kutoka wizarani hadi uwanjani, kilomita tatu, peke yake, kama mwananchi yeyote. Magari yote yalitangulia kwa njia nyingine ili yasionekane. Wapiga picha walisubiri uwanjani. Aliyemfuata Mheshimiwa ni Kaimu tu, kwa baiskeli yake ya siku zote, begani amening'iniza mkoba. Ndani ya mkoba mlikuwa na hotuba, na barua.

Barua! Kaimu alikuwa ameiona asubuhi hiyo kwa mara ya kwanza. Ilichapwa kwenye karatasi nzito ya serikali, ngumu kama kadi, ikatiwa saini ya Mheshimiwa kwa wino wa bluu, kisha ikafunikwa plastiki ngumu pande zote mbili ili idumu. "Ninayo furaha kukuthibitisha," ilianza. Kaimu alikuwa ameisoma mara tisa na machozi yalimlengalenga mara zote tisa.

Sasa kuhusu Tairi la Kitaifa. Lilikuwa tairi zuri, jipya. Lakini sheria ilitaka kila tairi lililokaguliwa ligongwe muhuri wa ubora, na muhuri wa wizara ni wa chuma, unagongwa kwa nyundo. Tairi la Mheshimiwa, kwa kuwa ni la Mheshimiwa, liligongwa mara saba. Walipofika usawa wa kiwanda cha magodoro, pale penye muhuri wa nne pakaachia. Tairi likapasuka ubavuni, mpasuko wenye umbo la nembo, tyubu ikatokeza nje kama shavu la mtu mwenye jino bovu, ikasema *pwaa*, ikanywea. Mheshimiwa alishuka bila kupanga.

Kwenye stuli yake, hatua sita tu kutoka hapo, Mama Pampu alikuwa anakula wali kwenye bakuli.

"Poleni," alisema.

"Fundi!" Mheshimiwa alifufuka. "Wewe ni fundi? Tengeneza hii haraka. Watu wananisubiri."

Mama Pampu alitafuna, akameza. "Taarifa umetoa?"

"Taarifa gani?"

"Ya pancha. Siku saba."

Mheshimiwa alimtazama Kaimu. Kaimu alitazama lami. "Mama," Mheshimiwa alisema kwa sauti ya chini, "hii ni dharura."

"Hata za wengine huwa hivyohivyo. Na mimi vifaa sina. Beseni, pampu, gunia, vyote vimechukuliwa."

"Kwa amri ya nani?"

"Yako, baba."

Kaimu alipendekeza, kwa unyenyekevu, Mheshimiwa apande baiskeli yake yeye. Mheshimiwa aliitazama baiskeli hiyo, kapu lake la mboga mbele, kiti kilichofungwa kamba, akasema afadhali ajiuzulu. Kaimu akapendekeza waite gari. Mheshimiwa akamuuliza kama anajua hotuba inaanzaje. Kaimu alijua, aliiandika yeye. Ilianza, "Ndugu wananchi, mmeniona nikifika kwa Tairi la Kitaifa."

Hapo Mama Pampu akaweka bakuli chini. Hakufanya hivyo kwa ajili ya cheo cha mtu. Ni kwamba alikuwa amekaa siku tano bila kugusa tairi, na mikono ilimwasha. Alichukua kijiko chake, akamwomba mlinzi wa kiwanda kijiko kingine, akabandua tairi kwa vijiko viwili. Tyubu aliifunga fundo penye tundu, akaikaza kwa meno. "Upepo nitajaza kwa hii pampu ndogo iliyofungwa kwenye baiskeli ya Kaimu. Shida ni ubavu. Nikijaza hivi, tyubu itatokea pale pale. Nahitaji kitu cha kuweka ndani. Chembamba, kigumu, kisichochanika."

Wakampa gazeti; likachanika. Wakampa hotuba, kurasa ishirini. Aliikunja, akaibonyeza kwa kidole gumba, akairudisha. "Ndefu lakini nyepesi," alisema. Kaimu akajitolea kutoa soli ya kandambili iliyomo kwenye tairi lake. "Hiyo imeshaoana na tairi," alisema Mama Pampu. "Ukiitoa utaua vyote viwili." Kisha akaona kitu kinang'aa ndani ya mkoba. "Na hiyo?"

"Hiyo hapana," alisema Kaimu.

Mama Pampu alikuwa ameshaivuta. Aliipinda, ikarudi. Aliipinda tena, ikarudi tena. Uso wake ukachangamka. "Hii ndiyo! Hii itakaa!"

"Mheshimiwa," Kaimu alisema, "hiyo ni barua yangu. Miaka kumi na mmoja, Mheshimiwa."

"Nitakuandikia nyingine."

"Lini?"

"Itachakatwa." Mheshimiwa alitazama saa yake. "Weka, mama."

Mama Pampu alisita. Aliisoma barua mstari wa kwanza, akamtazama Kaimu kwa muda. "Nisamehe, mwanangu," alisema, akaikunja na kuiingiza kati ya tyubu na tairi, saini ikitazama juu. Kaimu alishika baiskeli isianguke huku anashuhudia maisha yake yakijazwa upepo. Kama si mbele ya bosi, angelia kwa sauti.

Tairi likashika. Lilikuwa na kinundu kidogo, kila mzunguko likidunda mara moja, na Mheshimiwa aliingia uwanjani akiinuka na kushuka, akipunga mkono. Watu walishangilia. Kamera zikamulika. Aliposhuka, ikafuata sehemu ambayo kwa ile taharuki ya njiani wote wawili walikuwa wameisahau: ukaguzi wa mfano. Baiskeli ya kwanza ingekaguliwa hadharani, wananchi wajifunze. Mkaguzi alikuwa Mkaguzi Mrefu, shingo bado imemkaza upande mmoja.

Kaimu alimkonyeza. Mkaguzi Mrefu alifundishwa na Kaimu mwenyewe kwamba mkosaji anaweza kukonyeza, na kwamba asijali. Alipitisha kiganja juu ya tairi. Akasimama. Akarudisha kiganja.

"Kuna kinundu," alisema kwenye kipaza sauti.

"Ni muundo mpya," alisema Mheshimiwa, akicheka.

"Kanuni zinasema kinundu kifunguliwe." Akafungua. Alivuta, barua ikatoka, ikanyooka yenyewe. Kielelezo chochote chenye maandishi sharti kisomwe kwa sauti, kifungu cha nane, naye akasoma: "Ninayo furaha kukuthibitisha rasmi katika cheo cha Mkurugenzi wa Idara ya Matairi Madogo, kwa utumishi wako uliotukuka." Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akapiga vigelegele. Kaimu, bila kujua anachofanya, akainama kuwashukuru.

"Nani ametia kiraka hiki?" aliuliza Mkaguzi Mrefu.

Mheshimiwa akatazama juu.

"Kifungu cha tisa," aliendelea mkaguzi. "Jina na saini iliyomo ni ya Mheshimiwa Waziri."

"Wewe!" Mheshimiwa aliusogelea uso wake. "Unajua mimi ni nani?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ndiyo maana jina nimeliandika bila kukosea."

"Kaimu! Mwambie!"

Watu elfu mbili walimtazama Kaimu. Angeweza kusema lolote. Lakini alikuwa mtu wa kanuni, na zaidi ya hapo alikuwa na uchungu, uchungu wa tangu kona ya kiwanda cha magodoro. "Bila kujali cheo, Mheshimiwa," alisema. "Uliongeza mwenyewe, kwa kalamu ya bluu."

Kwa hiyo baiskeli rasmi ikapelekwa stoo kuzuiliwa siku thelathini. Mtunza stoo akakataa kuipokea. Stoo imejaa, alisema, kikiingia kimoja kitoke kimoja, na kwenye orodha kilichokuwa juu kabisa ni beseni, pampu na gunia. Mkaguzi Mrefu akajitwika beseni tena. Maji yalikuwa yaleyale, na inzi watatu ambao hawakuandikwa popote.

Mheshimiwa naye, sherehe ilipokwisha, akaanza kurudi kwa miguu. Madereva wake walimfungulia milango, lakini kila gari lilikuwa na tairi, na kamera zilikuwa nyuma yake. Kaimu alimfuata akiikokota baiskeli yake, kwa kuwa haikupendeza mtu wa chini apande wakati bosi anatembea. Viatu vya Mheshimiwa vilikuwa vya mikutano, havikuzoea barabara. Walipofika usawa wa kiwanda cha magodoro, soli ya kulia ikaachama mpaka katikati.

Mama Pampu alikuwa amekaa mbele ya beseni lake, anapanga vipande vyake kwa furaha isiyofichika. Aliitazama ile soli. Akavuta stuli, akamkalisha Mheshimiwa, akakata utepe wa tyubu kuukuu. Halafu akatulia nao mkononi.

"Na barua ya huyu?" aliuliza.

"Ni kielelezo sasa," alisema Mheshimiwa, amechoka kabisa. "Haitoki mpaka kesi iishe. Kesi yenyewe lazima niifungue mimi."

Mama Pampu alinyoosha mkono nyuma yake, akachana kipande cha boksi la godoro, akachomoa kalamu aliyotumia kuwekea alama matundu. "Andika."

"Hapa? Kwenye boksi? Hiyo itakuwa ya kubahatisha, mama. Ya muda tu."

"Wewe andika. Za kwangu za muda zinakaa. Muulize Kaimu, mwaka wa sita huu."

Mheshimiwa aliutazama mguu wake, akaitazama barabara, kilomita mbili zilizobaki, jua la saa nane likiwaka. Akaandika. Mama Pampu alimsomea maneno na yeye akayaandika, na aliporuka neno "rasmi" akarudishwa. Muhuri haukuwepo, basi akachovya kidole gumba kwenye gundi na masizi ya rimu, akagonga. Ndipo Mama Pampu akaifunga soli, mizunguko minne, fundo juu. Mheshimiwa akasimama, akakanyaga, akakanyaga tena, akasema kwa mshangao wa kweli, "Inashika!"

"Nenda polepole," alisema Mama Pampu. "Na usimwambie mtu."

Kanuni hazijafutwa hadi leo. Zimewekwa pembeni kwa muda.

Alasiri hiyo Kaimu aliegemeza baiskeli ukutani kwake, akabisha hodi. "Subiri hapo kwanza," sauti ikatoka sebuleni. Hakusubiri. Aliupenyeza mkono mlangoni na kile kipande cha boksi. Kilichukuliwa. Ndani mama mkwe alivaa miwani, akakisoma, akakigeuza, akakuta picha ya godoro, akakigeuza tena, akapitisha kidole juu ya dole gumba lenye masizi, akakibonyeza kuona kama kitakunjika. Hakikukunjika.

Mlango ukafunguliwa wote.

"Karibu ndani, mkwe wangu," alisema. "Chai yako itapoa."